Laptop ya Kafa Ulaya

Ilford, London
Jumapili, 9 Novemba 2008

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Muhsin,

Assalamu alaikum. Sisi huku, mimi na mwanangu Ghalia, tunalala wazima na tunaamka wazima, alhamdulillah, na naomba barua hii ikukute wewe, mkeo na watoto katika hali bora kuliko yetu. Mama namuulizia kwa namna ya peke yake. Goti lake vipi? Ile dawa ya kupaka niliyompelekea mwaka jana, aliipaka mwenyewe au aliigawa kwa majirani? Nijibu ukweli, maana kwenye simu ananiambia anaendelea vizuri huku namsikia akiguna kila anapoinuka.

Huku baridi imeshaingia. Kila asubuhi natoka kwenda kuwaogesha na kuwavisha wazee wangu majumbani mwao, nami mwenyewe nimevaa nguo tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Ghalia amenipita kwa urefu. Kiswahili anakisikia chote, hasa ukimsema yeye, lakini majibu yake ni Kiingereza kitupu. Nikimwita aje kula ananijibu kuwa anakuja sasa hivi, na hiyo sasa hivi yake ni ile ya fundi cherehani wa kwetu siku mbili kabla ya Sikukuu.

Barua yako ya mwezi wa nane niliipata na nikaisoma mara mbili. Umenieleza habari za skuli, kwamba hadubini ni moja na yenyewe imevunjika kioo, na kwamba ungekuwa na laptop ungewaonyesha wanafunzi wako picha za chembe hai badala ya kuwachorea ubaoni kitu ambacho wao wanaona ni yai la kukaanga. Nilicheka sana hapo. Kisha ukaandika kwamba unaitaka mpya, ndani ya boksi lake, na nailoni yake haijachanwa, na chini ukaongeza kwa kalamu nyekundu, kama unasahihisha daftari la mtoto, kwamba hutaki kafa Ulaya.

Neno hilo nilikuwa sijalisikia miaka. Siku hizi watu wanasema mitumba na mambo yanakwisha. Ni sisi wa zamani tuliokuwa tukidhani kila koti linaloshuka bandarini mwenyewe amekufa huko Ulaya na watu wake wameona bora wamvishe Mpemba. Nililisoma neno lile nikakaa nalo kitandani mpaka chai yangu ikapoa.

Basi nikwambie bila ya kuzunguka: mzigo aliokuletea Bi Miska si mpya. Usiufunge tena ukamrudishia, mwanamke wa watu amechoka na safari. Nikwambie mapema pia kwamba kompyuta siyo jambo kubwa la barua hii. Lipo jambo la zamani, la tulipokuwa watoto, ambalo nimelikalia kwa miaka thelathini na moja, na kuna mtu limemkosesha nyumba. Nikishalisema huenda usitake tena kuniita dada. Naogopa, Muhsin, sikufichi. Lakini naomba uisome barua yote kwa mpangilio wake, maana jambo lenyewe limetoka ndani ya mashine hiyo hiyo.

Nilianza kwa kukutii. Jumamosi moja nilimchukua Ghalia tukaenda kwa Kuldip, Singasinga mwenye duka la kompyuta hapa Ilford Lane. Kazaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni kile cha Kenya kisichojua haya. Nilimtaka anipe mpya iliyo nzuri kuliko zote. Badala ya kunipa akaanza kunihoji kama mkaguzi, ndugu yako anafanya kazi gani, atachezea michezo au ataandika, umeme wa kwao ukoje. Nikamwambia umeme wa Pemba ni wa jenereta, unaweza kuondoka wakati kikombe kiko njiani kwenda mdomoni. Akatikisa kilemba. Akasema ile yenye skrini pana niliyoishika mkononi inakula umeme kama bibi harusi anavyokula fedha, na bila waya haitomaliza hata vipindi viwili.

Hapo ndipo Ghalia alipofungua mdomo. Mtoto ambaye kwa mwezi mzima hakunipa zaidi ya maneno kumi alisimama katikati ya duka la watu akanihutubia kwa Kiingereza. Alisema skuli wamefundishwa kwamba sehemu kubwa ya uharibifu wa mazingira unaoletwa na kompyuta inafanyika kabla hujaiwasha hata mara moja, kwenye kuchimba madini yake, kwenye maji yanayooshea vile vidude vyake vya ndani, kwenye makaa yanayochomwa viwandani. Kwa hivyo, alisema, kompyuta iliyo safi kuliko zote ni ile ambayo imeshatengenezwa na bado inafanya kazi. Nilitazamia Kuldip achukie kwa kuharibiwa biashara. Akacheka, akasema mtoto kasema kweli, na kama ninataka mashine itakayodumu mikononi mwa mwalimu niende Stratford, nyuma ya stesheni, kwenye karakana moja inayopokea kompyuta kuukuu za maofisini. Akaniambia na fundi wa huko ni wa pwani kama mimi.

Nilikwenda peke yangu Jumamosi iliyofuata. Stratford sasa hivi ni winchi tupu angani, wanajenga viwanja vya Olimpiki, na karakana yenyewe imejibanza kwenye uchochoro kama mtu aliyesahauliwa na wajenzi. Ndani kuna meza ndefu, taa za kuinamia, na laptop zimepangwa rafuni kama vitabu. Maofisi ya mjini, kila baada ya miaka mitatu, hubadilisha zote kwa pamoja, nzima na mbovu. Pale zinafutwa kila kilichomo, zinafunguliwa, zinasafishwa, kiungo kilichokufa kinatolewa na kingine kinatiwa. Fundi aliinua kichwa, tukasalimiana. Nitamwita fundi kwa sasa.

Nilimwambia kwamba mwenye kuhitaji ni wewe na kwamba umekataa kafa Ulaya. Nilidhani atakuona una majivuno. Alisema una haki. Alinionyesha picha za makontena yanayopelekwa Afrika kwa jina la msaada, na ndani yake kompyuta nane katika kila kumi hazitowaka tena, zinaishia jalalani, watu wanazichoma nyaya ili wapate shaba, na ule moshi mweusi wanauvuta wao na watoto wao. Alisema kumpelekea mtu kitu kibovu ukakiita zawadi ni sawa na kumwaga taka uani kwa jirani kisha ukasubiri akushukuru. Yeye kanuni yake ni moja: hakitoki kitu mezani kwake mpaka akitumie mwenyewe wiki nzima, na kila anayekichukua anakuwa na simu yake.

Kisha akanitolea tatu. Moja ilikuwa nyembamba, ya fedha, nzuri ya kumtia mtu wazimu, nami moyo wangu ulishaichukua. Akanigeuzia chini akanionyesha kwamba betri yake imefungiwa ndani na mwenyewe huwezi kuifikia, siku ikichoka betri basi umezika mashine nzima. Ya pili ilikuwa kubwa, mlaji wa umeme. Ya tatu ni hii uliyonayo. Nyeusi, nene, pembe zimechubuka, uso wake kama wa mwalimu mkuu siku ya matokeo. Sikuipenda. Lakini betri yake unasukuma vikomeo viwili inatoka mkononi, memori yake iko chini ya kifuniko chenye skrubu moja, na vipuri vyake, fundi alisema, vitapatikana miaka mingi kwa sababu ziliuzwa nyingi. Akaniuliza, mwalimu anataka ya kutazamwa au ya kufundishia?

Nilirudi Jumamosi mbili nyengine, maana nilitaka nione kila kinachofanywa. Ametia betri mpya. Memori ameiongeza mara mbili. Mimi nilipewa brashi na pamba nisafishe kibodi, na nilitoa humo makombo ya biskuti ya miaka mitatu, ungeweza kumfuturisha mtu. Tulifanya kazi bila ya kusema sana. Mara moja moja aliniuliza habari za nyumbani, Mama anatembea, mwembe wa Bi Asha bado unazaa, nami namjibu nikiwa nimeinamia vibonye vyangu.

Namna ya kuitunza ameniagiza nikwambie, na mimi nakwambia kama nilivyoambiwa. Usiiweke juu ya godoro, inapumulia chini, ipatie kipande cha ubao. Umeme wa jenereta unaruka, kwa hivyo usiichomeke moja kwa moja ukutani bila ya stebilaiza. Mwanga wa skrini uteremshe mpaka unapoona unakutosha, kwani huo ndio unaokula betri kuliko kitu chochote, na ukienda kusali au kula izime kabisa, usiiache inakodoa macho peke yake. Usikimbilie kila programu mpya unayoambiwa, zinaifanya mashine nzima ionekane mzee kabla ya wakati wake. Na siku itakayokufa kweli, maana kila kitu kina ajali yake, usiichome wala usiitupe shimoni karibu na kisima, betri hizo zina sumu. Mpe msafiri yeyote airudishe. Fundi ataichambua, na viungo vyake vitaingia katika nyengine.

Sasa nimefika.

Jumamosi ya tatu kazi ilikuwa imekwisha. Fundi aliigeuza mashine chini juu, na pale penye betri tukaona kibandiko kidogo cheupe kimechapwa jina: Bridget. Ndiye aliyekuwa akiitumia huko ofisini, mapokezi. Fundi akafungua droo, akanipa wembe, akaniambia nikibandue taratibu, nduguyo asije akaona jina la mtu akavunjika moyo. Muhsin, niliushika ule wembe na mkono wangu ulikataa. Nilianza kulia mbele ya mtu, mimi ambaye hata kwenye maziko ya Baba mlinisema nina moyo mgumu.

Unalikumbuka shati lako la Sikukuu ya mwaka sabini na saba. Mistari ya buluu, kola ngumu. Dukani mwaka ule hamkuwa na kitu, na Mama alilipata kwa mtu aliyeleta marobota ya nguo kutoka Tanga. Alilifua mara tatu, akalipiga pasi ya makaa, akakwambia limetoka dukani Unguja. Ndani ya kola kulikuwa na kitambaa chembamba kilichoshonwa jina kwa uzi mwekundu, Douglas. Mama alinipa wembe nikifumue, nikitupe chooni, na akatuapisha tuliokuwepo kwamba tusikwambie wewe wala mtu yeyote. Tuliokuwepo tulikuwa wawili. Mimi, na Miraji, mtoto wa marehemu ami yetu aliyekuwa akilelewa kwetu, amekaa mkekani akichagua mchele.

Kile kitambaa sikukitupa. Nilikifunga kwenye pindo la kanga. Wewe ulikuwa umepata shati, mimi nimeambiwa nivae gauni la mwaka wa nyuma lililoteremshwa upindo, na nilikuwa na miaka kumi na miwili na niliona hakuna aliyedhulumiwa duniani kuliko mimi. Kesho yake bombani niliwaonyesha wasichana wenzangu. Nilicheka nao. Nilisema mwenye shati kafa Ulaya na Muhsin ndiye mrithi wake. Hivyo tu, maneno ya foleni ya maji, ndoo yangu haijajaa.

Ya Sikukuu unayajua wewe kuliko mimi. Uwanja mzima ulikukimbiza ukiimba Dagalasi, Dagalasi, kafa Ulaya. Ulivua shati ukarudi nyumbani kifua wazi. Siku tatu ulikataa kulala kwa kuogopa Douglas atakuja kulidai shati lake, ukiwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa nakusikia ukutani ukimuuliza Miraji kama maiti wanaweza kuvuka bahari. Alikuwa akikujibu kwamba hawajui kuogelea.

Baba alipotuita akauliza nani kasema, mimi nilisema si mimi. Nililisema haraka, hata kabla ya swali kwisha. Miraji alinitazama, akainamisha kichwa, asiseme kitu. Baba akaona kunyamaza ndiyo kukiri. Fimbo zile nazisikia mpaka leo. Wiki haikumalizika Miraji alipandishwa lori akapelekwa Mkoani kwa wajomba zake, na bakora hazikumuuma, kilichomuuma ni wewe uliyesimama mlangoni ukaapa kwamba hutosema naye mpaka kufa. Mungu amekupa ulimi wa kushika ahadi. Hata kwenye arobaini ya Baba, Miraji aliposafiri kutoka huku akaja akakunyooshea mkono mbele za watu, uliupita. Mimi nilikuwa dirishani nikitazama. Ningeweza kutoka nikasema, na sikutoka.

Wewe umezoea kusema kikulacho ki nguoni mwako, na kila ukisema najua unamkusudia nani. Umesema kweli miaka yote, ila hukumjua. Aliyekula alikuwa ni mimi.

Na fundi wa Stratford ni Miraji. Nimemwita fundi kurasa zote hizi kwa sababu nakujua, ungeliona jina lake mwanzo barua ungeichana hapo hapo. Yuko London mwaka wa tisa sasa. Kwenye harusi za watu wetu nikimwona upande mmoja mimi nahamia upande mwengine, nikijidai nina shughuli jikoni. Kuldip aliponipa jina la karakana nilijua kabisa ninakwenda kwa nani. Nilikwenda kwa sababu ya lile neno lako la kalamu nyekundu. Niliona nikikununulia mpya nitakuwa nimekuficha ukweli mara ya pili.

Basi niliuweka wembe mezani nikamwambia yote. Alichukua bisibisi akawa anaikaza skrubu ambayo ilikwishakazwa. Nilipomaliza aliniambia kwamba anajua. Alikuwa akijua tangu siku ile, aliniona nikikifunga kitambaa kwenye kanga. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza akakubali kupigwa na kufukuzwa. Akasema nisije nikamfanya walii, hakunyamaza kwa wema. Alikuwa mtoto anayekula sahani ya watu, na aliona akisema ni binti wa nyumba, nani atamsadiki? Wala hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyosema betri hii imekwisha.

Kisha akaniuliza kama bado unalala ukiwarushia watu miguu. Nikamwambia mkeo ndiye anayejua. Akacheka kidogo, akasema kule Mkoani walimpa kitanda cha peke yake, na mwaka mzima hakuweza kulala kwa upana wake.

Kibandiko hatukukibandua. Utakikuta hapo chini, kwa makusudi. Nilimwambia safari hii ndugu yangu apewe kitu na jina la mwenyewe akalione. Na usiogope, Miraji anasema Bridget hajafa, kapewa kompyuta nyengine tu na yuko zake anakula biskuti.

Mama nilimpigia simu Ijumaa iliyopita ukiwa skuli, nikamweleza. Akaniuliza Miraji huko anapikiwa na nani. Nikasema anajipikia mwenyewe. Akasema maskini mwanangu, akarudia, na sikujua anatusemea mimi au yeye au wewe. Aliniamuru nikwambie mwenyewe kwa mkono wangu, naye hatokutamkia neno mpaka uwe umesoma. Kwa hivyo kama siku hizi umemwona anakutazama sana wakati wa kula, ndiyo sababu.

Ndugu yangu, nilikufanya uchekwe na mji, kisha nikakunyang'anya mtu aliyekuwa akikupenda kuliko wote pale ndani, nikakuacha na hasira ambayo haikuwa yako. Sikuombi unisamehe kesho. Nikasirikie kadiri unavyotaka, nimeistahiki, na hata ukikaa mwaka usiniandikie nitakuwa nakutumia barua vile vile. Ninalokuomba ni kwamba ile hasira umwondolee asiyehusika. Amebeba mzigo wangu tangu ana miaka kumi na mmoja, na sasa anaingia mvi.

Nisalimie mkeo na umbusu kila mtoto kwa jina lake. Mwambie Mama nimeagiza asiinue ndoo. Majirani wote nawasalimia, na Ghalia anawasalimia pia. Ameniandikia salamu zake kwa Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, zina makosa manne, usizisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Limebaki moja. Ukiifungua laptop itakuuliza neno la siri. Mimi silijui. Miraji alitaka kuniandikia nikutumie, nikakataa, nikamwambia umeshaona siri zinavyokaa kwangu. Analo yeye peke yake, na namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Jumapili haendi kazini. Huku ikiwa saa nne asubuhi, kwenu ni saa saba mchana. Ameniambia hatoisubiri simu yako, lakini ataisubiri.

Dada yako,
Zainab